JE, TUMWANDIKIE MJUMBE WETU AMKATAE HAKIMU?

 

Katika darsa yetu ya usiku, ndugu mmoja alisimama akauliza suala ambalo halikuweza kujibiwa usiku ule ule. Alisema: "Jaji Mkuu wa nchi hii hakai kitini milele. Siku moja ataondoka, na jina la mwengine litapelekwa Bungeni. Likiwa jina hilo ni la mtu ajulikanaye kwa kutetea kuharibu mimba, je, haitupasi sisi watu wa Makadara na Mji wa Kale kumwandikia mjumbe wetu wa Mvita tukamwambia: mkatae mtu huyu, na ukimkubali usirudi tena Uwanja wa Makadara kutuomba kura?" Wengine waliitikia kwa sauti kubwa. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza, nami nitaieleza mwisho wa maneno haya. Tangu usiku ule nimekuwa nikilifikiri suala la ndugu yetu, na haya ndiyo niliyoyaona. Yaliyo sawa yatoka kwa Mwenyezi Mungu, na yaliyo makosa ni yangu mimi.

Kwanza yatupasa tujue mjumbe wetu ana sauti gani katika jambo hili. Kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu 166, majaji wote huteuliwa na Rais kwa mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama. Wawili tu, Jaji Mkuu na Naibu wake, ndio ambao majina yao hayapiti ila yakubaliwe na Bunge la Taifa. Majaji wengine hawafiki mbele ya wajumbe. Lakini wawili hawa si haba. Jaji Mkuu ndiye mkuu wa Mahakama ya Juu, ambayo hukumu yake huzifunga mahakama zote zilizo chini yake, naye aweza kukaa kitini miaka 10, au mpaka atimize umri wa miaka 70, lolote litakalotangulia. Tena sheria iliyotungwa mwaka 2011 juu ya kuthibitishwa kwa watu wa vyeo vya umma yampa mtu yeyote ruhusa ya kupeleka ushahidi wa maandishi, kwa kiapo, wa kuonyesha kwamba aliyependekezwa hafai, kabla hajahojiwa na kamati ya Bunge. Basi mwenye kusema, "Sisi wanyonge, hatuna la kufanya," amekosea. Mlango u wazi. Linalobaki ni kujua tutaingia mlangoni tumechukua nini mkononi.

Ama hukumu ya kuharibu mimba katika Sharia, hapana Mwislamu asemaye kuwa uhai uliomo tumboni ni kitu cha kuchezewa. Wanazuoni wamekubaliana kwamba baada ya siku 120, roho ikisha kupulizwa, ni haramu kuiharibu mimba. Na wengi wao katika zama zetu hawakutoa ruhusa ila pale ambapo uhai wa mama hauokoki pasina kufanya hivyo. Kabla ya siku hizo wamekhitalifiana. Imam Ghazali, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliona kuwa ni jinai tangu mwanzo, na kwamba ubaya wake huzidi kwa kila daraja ya mimba. Wamaliki wamekaza sana. Katika Mahanafi wako walioruhusu ukiwapo udhuru. Na mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, liliruhusu kabla ya siku 120 pindi madaktari wakithibitisha kwamba kiumbe kina kilema kikubwa kisichotibika.

Wala jambo hili halikuwa mbali na baraza la hukumu tangu zama za Mtume (S.A.W.). Wanawake wawili wa kabila la Hudhail waligombana, mmoja akampiga mwenzake kwa jiwe, akamuua yeye na kilichomo tumboni mwake. Mtume alihukumu kwamba kiumbe kile kilipiwe dia yake, nayo ni mtumwa mmoja. Mtu wa upande wa muuaji akapinga kwa maneno matamu yenye vina: vipi atalipiwa ambaye hakula wala hakunywa wala hakulia? Mtume hakuyajali maneno yale, bali aliyakemea. Hapa tuna mafunzo mawili: kwamba kiumbe cha tumboni kina haki, na kwamba hakimu havutwi na ufasaha wa upande wowote.

Na Katiba yasemaje? Kifungu 26 chasema kuwa uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi, ila kwa rai ya mganga aliyesomea kazi yake, ikiwa pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama i hatarini, au iwapo sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Msomaji aliyesoma fiqhi ataona kuwa kifungu hiki na kauli za mafakihi havikulingana kila pembe. Mahali pamoja Katiba ni kali kuliko baadhi yao, kwani haikutaja siku 120. Mahali pengine ni pana kuliko wengi wao, kwani imetaja "afya" pamoja na uhai. Neno hili "afya" ndilo lenye ugomvi wote. Je, ni ya mwili peke yake, au na ya akili pia? Na ni nani apimaye hatari? Hayo ndiyo afasiriyo hakimu.

Tarehe 12 Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu, Nairobi, walihukumu kesi ya binti aliyenajisiwa mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 14. Mimba ile ilitolewa na mtu asiyejua kazi, binti akaharibikiwa na mafigo, akafa mwaka 2018. Majaji walisema kuwa kutoa mimba ni kosa katika Kenya isipokuwa kwa zile sababu za kifungu 26. Kwamba aliyenajisiwa huingia katika sababu hizo uhai au afya yake ikiwa hatarini. Na kwamba serikali ilivunja sheria kwa kuwaondolea waganga, mwaka 2013, mwongozo wa kuwaonyesha lipi halali na lipi haramu. Mama wa binti akaamriwa kulipwa shilingi milioni 3. Na mwaka 2022, hapa kwetu Pwani, Jaji Reuben Nyakundi wa Malindi alihukumu kesi ya msichana wa Kilifi aliyekamatwa na polisi pamoja na tabibu aliyemtibu, akasema kuwa matibabu hayo ni haki iliyomo katika Katiba, na kwamba kuwakamata vile hakukuwa halali. Wako waliozipokea hukumu hizi kwa furaha, na wako waliozilaani. Mahakama Kuu si kikomo, kwani juu yake kuna mbili nyingine. Ndiyo maana watu wamtazama sana akaaye juu kabisa.

Sasa natuingie katika kiini cha suala. Ndugu yetu ataka tumkatae mtu kwa sababu ya hukumu tunayodhani atakuja kuitoa. Nami naona kuwa hapo pana khatari kubwa, kwa dini yetu kabla ya siasa yetu.

Mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzumu alipoiba, watu wake walimtafuta mtu wa kwenda kumsemea kwa Mtume, wakamtuma Usama bin Zaid, kwa kuwa Mtume alimpenda. Mtume alighadhibika, akawakumbusha kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu na kumwadhibu mnyonge, akaapa kuwa lau Fatima binti yake ameiba angalimhukumu vile vile. Watu wale walikwenda kuomba hukumu kabla ya hukumu. Na katika hadithi ya mahakimu watatu, wawili wa Motoni na mmoja wa Peponi, yule wa Peponi ni aliyeijua haki akahukumu kwayo. Wa pili aliijua akaiacha. Wa tatu aliwahukumu watu kwa ujinga. Mtume hakusema kuwa wa Peponi ni yule aliyewapendeza waliomweka.

Mtu ataniambia: "Sisi hatuombi hukumu, twamkataa mtu tu." Namjibu: ukimkataa huyu kwa kuwa hatakupa hukumu uitakayo, na ukamkubali mwenzake kwa kuwa ameahidi kukupa, umekwisha inunua hukumu. Mla rushwa alilipwa kwa fedha, nawe umelipa kwa kura. Na hakimu aliyeahidi hukumu kabla ya kuwasikia wenye kesi ameharibika, hata kama ahadi yake ni ya kutufurahisha sisi.

Tutazame yaliyowapata wengine. Huko Marekani, Mahakama yao ya Juu iliamua mwaka 1973 kuwa mwanamke ana haki ya kutoa mimba. Tangu hapo, jina la hakimu lipelekwapo katika Seneti yao, mara nyingi suala hilo hutangulia. Mwaka 1987 Robert Bork alikataliwa kwa kura 58 kwa 42, na rai zake juu ya hukumu ile zilikuwa katika mambo makubwa yaliyobishaniwa. Waliokuja baada yake wakajifunza kujibu bila ya kujibu. Juni 2022 hukumu ya 1973 ikafutwa na majaji wengine wa mahakama ile ile. Waliofurahi mwaka 1973 walisema, "Sheria imesema," na waliohuzunika wakasema, "Majaji wamesema." Mwaka 2022 wakabadilishana maneno. Nchi ikifika hapo, hapana mnyonge atakayeamini tena kuwa akienda mahakamani ataikuta haki. Ataona atakuta kundi lake au kundi la adui yake.

Na kwetu Kenya tumekwisha ionja. Mwaka 2011 Willy Mutunga alipopendekezwa kuwa Jaji Mkuu, na Nancy Baraza kuwa Naibu wake, baadhi ya viongozi wa makanisa waliwapinga kwa rai zao juu ya mambo ya familia, wakataja hata kipuli alichovaa Mutunga sikioni. Bunge liliwakubali wote wawili mwezi wa Juni. Sasa tazama yaliyofuata. Mwisho wa mwaka ule ule, Naibu wa Jaji Mkuu aligombana na mwanamke mlinzi wa mlango wa maduka huko Nairobi. Jopo likaundwa kuchunguza, likapendekeza aondolewe, naye akajiuzulu Oktoba 2012. Katika makelele yote yale ya kupima rai, ni nani aliyeuliza namna mkubwa aamilianavyo na bawabu? Nalo ndilo la kwanza ambalo hakimu hupaswa kuulizwa, kwa kuwa wanyonge ndio wengi wa wasimamao mbele yake.

Tunao na mfano ulio karibu zaidi. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah katika mji huu mwaka 1932, akiwalaumu watu wa Pwani kwa bidaa na kwa uvivu wa elimu, wako waliochukizwa na rai zake. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akabaki katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1947. Lau kadhi hupimwa kwa kuuliza kama rai zake zawapendeza watu, kiti kile asingalikikalia.

Wala tusisahau kuwa kipimo tunachotaka kukitumia kiliwahi kutumiwa juu yetu. Mwezi wa Mei 2010 majaji watatu wa Nairobi, katika kesi iliyofunguliwa na viongozi wa makanisa tangu mwaka 2004, waliamua kuwa Mahakama za Kadhi hazifai kuwamo katika Katiba. Na katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, makanisa mengi yaliwataka watu waseme "Hapana" kwa mambo mawili yaliyofungwa pamoja: Mahakama za Kadhi, na kifungu hiki hiki cha mimba. Wengi wetu tulisema "Ndiyo." Katiba iliyotuhifadhia Kadhi katika kifungu 170 ndiyo iliyoandika kifungu 26. Je, tutalishika agano upande mmoja na kuliachilia upande wa pili? Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tukisema leo kwamba hakimu akataliwe kwa itikadi yake, kesho watasema wengine kwamba Mwislamu asiwe Jaji Mkuu, kwa kuwa huamini Sharia. Siku hiyo tutasimama na hoja gani?

Basi je, tunyamaze? La. Kumnasihi mwenye amana ni wajibu, na mjumbe ana amana yetu. Naona tumwandikie, tena tusingoje jina lipelekwe. Lakini tumwandikie hivi: ewe mjumbe wetu, mkatae mtu ambaye amekwisha tangaza hukumu yake kabla ya kesi, awe amesema kuwa ataufungua mlango ulioachwa nusu mpaka uwe wazi kabisa, au awe amesema kuwa ataufunga hata juu ya mama anayekufa. Wote wawili wametaka kuweka matamanio yao mahali pa sheria. Mkatae mla rushwa, hata akiwa swahibu yetu. Mkatae mwenye kiburi kwa wanyonge. Mkatae asiyejua. Na anayejua, mwaminifu, asikiaye pande mbili, mkubali, hata akiwa na rai nyumbani kwake zisizokuwa zetu. Na sisi tunaotaka sheria iwe vyengine, njia yetu ni kuwaomba wajumbe waibadili mchana, mbele ya watu wote, wala tusimtafute hakimu wa kutubadilia usiku. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa tusimamie uadilifu ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, na katika Suratul Maida kwamba kuwachukia watu kusitufanye tukaacha kufanya uadilifu. Amri hizi hazikutoa nje mambo ya siasa.

Sasa nieleze sababu ya kunyamaza kwangu usiku ule.

Miaka mingi iliyopita, katika mtaa wa Mji wa Kale ambao sitautaja, tulimzika binti wa miaka 17 baada ya alasiri. Watu waliambiwa ni homa. Siku mbili kabla yake mjomba wake alinijia usiku, akaniambia kwamba binti alikuwa na mimba, akanywa dawa aliyopewa na mwanamke wa vichochoroni, na sasa damu haikatiki. Akaniuliza: tumpeleke hospitali, au tufanye nini? Watamwona watu, polisi watauliza, jina la nyumba litaharibika. Nami nilimwambia neno moja: sitirini. Nilidhani kuwa nimesema la dini. Wakamsitiri chumbani mpaka akafa. Kijana aliyempa mimba alisali nasi jeneza, akiwa safu ya pili, na hapana aliyemuuliza kitu.

Baadaye nilisoma, nikajua kuwa damu ile kuizuia ilikuwa wajibu, na kwamba hapana fakihi katika madhehebu yoyote aliyesema aliyekosa aachwe afe chumbani. Kosa lake lilikuwa limekwisha tendeka. Uhai wake ulikuwa bado. Kabla binti yule hajafikishwa mbele ya jaji yeyote, alikuwa amekwisha fikishwa mbele yangu, nami nilimhukumu kwa ujinga. Kila niisomapo hadithi ya mahakimu watatu, najua mimi ni wa ngapi.

Kwa hivyo nilipowasikia ndugu zangu wakipaza sauti juu ya hakimu wa Nairobi, nilijiuliza ni mabinti wangapi wanahukumiwa kila mwaka katika vyumba vyetu, na watu kama mimi. Uchunguzi uliofanywa pamoja na Wizara ya Afya ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba 464,690 zilitolewa katika Kenya, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa kwa madhara yake. Na wakati ule sheria ya jinai ilikuwa ikiadhibu, miaka 14 kwa mtoaji na 7 kwa mwanamke mwenyewe. Adhabu ilikuwapo, na makaburi yalichimbwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mahari na gharama za harusi tunazozipandisha mpaka vijana wakashindwa kuoa; mvulana tunayemcheka kwa ujana wake huku msichana tukimfungia mlango; baba asiyesema na binti yake neno ila la kumkemea; aibu tunayoiogopa kuliko tunavyomwogopa Mungu: haya hayapigiwi kura Bungeni, wala Jaji Mkuu hawezi kutuondolea.

Basi ndugu yangu uliyeuliza, andika barua yako, nami nitatia saini yangu pamoja nawe, kwa masharti niliyoyataja. Lakini kabla ya kuipeleka, mwite binti yako umwambie kwamba likimfika la kumfika, mlango wa kwanza wa kuubisha ni wako. Na ukibishiwa mlango usiku, usijibu kama nilivyojibu mimi.

Wallahu aalam. Wa billahi tawfiq.